Kengele ya Mzee Aliye Peke Yake

(Mazungumzo baada ya habari, katika mfululizo wa Nchi Jirani, kwa askari wa Majeshi ya Ulinzi na wa Polisi)

Katika vitongoji vya wenye nacho vya jiji la Nairobi, nchini Kenya, si ajabu kukuta kitufe chekundu kimewekwa ukutani karibu na mchago wa kitanda. Kikibonyezwa, taa huwaka katika chumba cha mitambo cha kampuni ya ulinzi upande wa pili wa jiji, na gari la doria huondoka mbio. Kwa kuwa walinzi wa makampuni hayo kwa desturi hawachukui bunduki, mara nyingi ndani ya gari hilo huwamo pia askari polisi mwenye silaha. Kitufe kiliwekwa kwa sababu ya mwizi. Lakini nyumba zile zinazeeka pamoja na wenyewe. Watoto wamekwenda kutafuta maisha London, Toronto na Dubai, na mkono unaokipapasa kitufe usiku wa manane huenda ukawa ni wa mzee aliyeteleza bafuni. Hapo gari hufika na bunduki na virungu, kumbe kazi iliyopo ni ya machela.

Habari hiyo ya nchi jirani si kichekesho, wala haiwahusu matajiri peke yao. Ndani yake mna swali ambalo kila askari wa zamu amekutana nalo au atakutana nalo: mtu aishiye peke yake akianguka ndani ya nyumba yake, nani atajua, na akijua, nani atainuka kwenda? Swali hilo humgusa askari kwa kazi yake, maana simu ya jirani asemaye kwamba bibi wa nyumba ya tatu hajafungua dirisha tangu jana haiendi kwa mwingine ila kituoni. Humgusa pia kwa damu. Askari ni mtu wa uhamisho. Leo yuko Mtwara, mwakani yuko Tarime, na mwenziwe yu mpakani ambako hata simu hushika kwa kubahatisha. Na mama yake mzazi yuko kijijini, amekataa kuhama, kwa kuwa hapo ndipo lilipo kaburi la mumewe na ndipo ilipo migomba yake. Hata waliotangulia kuvaa magwanda wamo katika hesabu hii. Vijana waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 wakiwa na miaka 20 sasa wamepita miaka 65, na si wote wenye mtu wa kulala naye nyumba moja.

Kukataa huko kuhama kusidharauliwe, maana ndiko kulikoizaa huduma inayozungumzwa leo. Katika nchi zilizotangulia kuwa na wazee wengi ilidhihirika kwamba mzee hapendi kuondolewa nyumbani kwake na kupelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee, eti kwa sababu tu ya hofu kwamba siku moja ataanguka. Anataka achemshe chai yake mwenyewe, afunge mlango wake mwenyewe, na awe na njia ya kuita. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Ujerumani Magharibi, Wilhelm Hormann alibuni chombo cha kuitia msaada kilichounganishwa na simu ya nyumbani. Nchini Marekani, Andrew Dibner, mwanasaikolojia wa Boston aliyeshughulikia mambo ya uzee, alianzisha shughuli ya namna hiyo mwaka 1974.

Mpango wake ni mwepesi kwa yeyote aliyewahi kushika simu ya upepo. Mzee huvaa kitufe shingoni kama kidani, au mkononi kama saa. Akikibonyeza, kitufe hupeleka mawimbi kwenye sanduku dogo lililo karibu na simu. Sanduku hupiga simu lenyewe kwenye kituo kikuu, ambako watu hukaa zamu usiku na mchana. Mwenye zamu huona mbele yake jina la mzee, mahali anapoishi, maradhi aliyo nayo, na majina ya walio na ufunguo wa mlango. Huzungumza naye kwa kipaza sauti kilichomo ndani ya sanduku. Asipojibiwa, au akijibiwa kwa mguno, humpigia mwenye ufunguo. Huyo asipopatikana, huita gari la wagonjwa. Baadaye viliongezwa vyombo vingine: cha kutambua moshi, cha kujua kama mtu ametoka kitandani na hakurudi, cha kutoa habari kama mzee aliyepotewa na kumbukumbu amefungua mlango usiku. Uingereza peke yake ina watu zaidi ya milioni moja na nusu wanaotumia huduma hiyo.

Mtu wa kawaida hudhani kwamba hatari ya kuanguka ni kuvunjika nyonga, basi. Hatari nyingine ni sakafu yenyewe. Mzee asiyeweza kuinuka hulala juu ya saruji. Mwili hupoa, maji humpungukia, misuli iliyogandamizwa huharibika na kuziumiza figo, na huweza kupatwa na homa ya mapafu. Mwaka 1981 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wazee walioanguka majumbani: nusu ya wale waliolala sakafuni kwa saa moja au zaidi walikuwa wamekufa kabla ya kutimia miezi sita. Askari aliyewahi kukaa porini na majeruhi akisubiri gari anaijua vizuri saa hiyo.

Ingedhaniwa, basi, kwamba kitufe kimeimaliza shida. Hakikuimaliza. Mwaka 2008 watafiti wa Cambridge, nchini Uingereza, walitoa taarifa ya wazee waliopita umri wa miaka 90, ambao walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Katika kila watu 10 walioanguka, 8 walishindwa kuinuka wenyewe angalau mara moja, na 3 walilala sakafuni saa nzima au zaidi. Kengele zilikuwapo katika nyumba nyingi. Lakini mara nyingi, katika maanguko yale yaliyowalaza watu chini kwa muda mrefu, kengele haikubonyezwa.

Sababu zake ni za watu wazima wenye heshima zao. Wapo ambao hawakuwa wamekivaa kitufe. Wapo waliotaka kwanza kujaribu kuinuka wenyewe, na saa zikapita katika kujaribu. Wengine hawakutaka kumsumbua mtu usiku. Na wengine waliogopa kwamba wakiita watachukuliwa hospitali, na huko itaamuliwa kwamba wasirudi tena nyumbani kwao. Yaani waliogopa kuipoteza kwa kitufe nyumba ile ile ambayo kitufe kiliwekwa ili waihifadhi. Jambo hilo askari walitie maanani, kwa kuwa katika kazi yao ni rahisi kudhani kwamba asiyeita hana shida. Jeshini haliko hivyo. Lindo lisilojibu kwenye simu ya upepo haliandikwi kwamba liko salama, hutumwa mtu.

Serikali ya Uingereza ilitaka kujua kama vyombo hivi hupunguza mzigo wa hospitali, ikafanya jaribio kubwa katika Cornwall, Kent na Newham, likihusu watu wapatao 2,600. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba, kwa muda wa miezi 12, waliopewa vyombo hawakutofautiana kwa kiasi cha maana na wasiopewa katika kulazwa hospitali. Isichukuliwe kwamba vyombo havina faida. Mzee aliyeinuliwa sakafuni hahitaji takwimu za kumthibitishia kwamba ameinuliwa. Pengine maana yake ni kwamba chombo kikiletwa mahali ambapo wa kukiitikia ni watu wale wale, wachache vile vile, hakiwezi kugeuza mengi.

Kisha uko mlango. Umefungwa kwa ndani, mwenye ufunguo hayupo, ndani hamna sauti. Nani auvunje? Katika Uingereza na Wales sheria ya mwaka 1984 juu ya madaraka ya polisi humruhusu konstebo kuingia ndani ya nyumba bila hati ya mahakama kwa ajili ya kuokoa uhai au mwili wa mtu. Lakini mwaka 2010 mahakama ilisema wazi kwamba wasiwasi mtupu juu ya hali ya mtu hautoshi. Sharti pawepo sababu ya kuamini kwamba pana hatari kubwa zaidi ya hiyo. Mpaka huo ni mwembamba. Konstebo aliyesimama mlangoni saa nane za usiku hana hakimu wa kumwuliza. Akivunja, na kumbe mzee amekwenda kulala kwa binti yake, ataandika maelezo ya mlango. Asipovunja, na kumbe mzee yuko chini, yako maelezo mengine ya kuandika, na hayo ni mazito zaidi. Ndiyo sababu nyumba nyingi za wazee huko zina kisanduku cha chuma nje ya mlango, chenye ufunguo ndani yake, na namba ya kukifungulia inajulikana na kituo kikuu. Ni kitu cha bei ndogo, na huenda ndicho chenye akili kuliko vyote vilivyobuniwa katika shughuli hii.

Polisi wa Uingereza wamepata kuchoka na kazi hiyo. Polisi wa Humberside, upande wa mashariki wa nchi, walianza mwaka 2020 utaratibu wa kutokwenda kwa kila simu ya kuomba mtu akaangaliwe hali yake, isipokuwa penye uhalifu au hatari ya kweli kwa uhai. Mwaka 2023 serikali, polisi na idara ya afya walikubaliana kuueneza utaratibu huo. Hoja yao haikuwa uvivu. Askari alikuwa akifanya kazi ya muuguzi kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba saa tisa za usiku yeye ndiye aliyekuwa macho. Hata hivyo wasiwasi uliotolewa dhidi ya utaratibu huo ni wa haki. Idara moja ikijitoa kabla nyingine haijashika, katikati hubaki mwanya, na anayetumbukia ni mzee.

Mwanya mwingine ulitokana na waya. Simu za zamani, zile za waya wa shaba, zilipata umeme wake kutoka kituo cha simu. Umeme wa nyumbani ukizimika, simu iliendelea kufanya kazi, na kengele ya mzee vile vile. Kisha makampuni ya simu ya Uingereza yakaanza kuwahamisha wateja wao kwenye simu zinazopita katika njia ya intaneti, ambazo hutegemea umeme wa nyumbani. Umeme ukikatika, simu imekufa. Tena baadhi ya masanduku ya kengele hayakuelewana na mtambo mpya hata umeme ukiwapo. Mzee hakujua, kwa kuwa kitufe kilining'inia shingoni mwake kama kawaida. Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya matukio mazito ya kengele kushindwa kuita, serikali iliyataka makampuni yaache kuwahamisha kwa lazima watu wenye kengele, na tarehe ya kuzizima simu za zamani, iliyokuwa Desemba 2025, ikasogezwa mbele hadi Januari 2027. Mteja asiye na simu nyingine ya kutegemea, makampuni hutakiwa kumpa njia ya kupiga simu ya hatari kwa muda usiopungua saa moja umeme unapokatika. Saa moja! Msikilizaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea mgawo wa umeme, hana haja ya kuelezwa kwamba saa moja ni kitu gani.

Japani imekwenda mbele zaidi kwa vyombo. Mwaka 2001 liliingia sokoni birika la umeme linalotoa habari: mzee akilitumia kuchemsha maji, mwanawe aliye mji mwingine hupelekewa taarifa. Mzee havai kitu, habonyezi kitu, heshima yake haikuguswa. Anakunywa chai tu. Ni ubunifu wa kupendeza, na unaijibu sehemu kubwa ya yale yaliyoonekana Cambridge. Lakini birika haliamki kwenda kubisha hodi. Mwaka 2024 Polisi ya Taifa ya Japani ilihesabu kwa mara ya kwanza, kwa nchi nzima, watu waliokufa majumbani wakiwa peke yao. Ilipata 76,020, na kati yao 58,044 walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Katika nusu ya kwanza ya mwaka huo karibu 4,000 waligunduliwa baada ya kupita zaidi ya mwezi mmoja tangu wafe, na 130 baada ya mwaka mmoja au zaidi. Hesabu hiyo iko mikononi mwa polisi kwa sababu askari ndiye anayeitwa hatimaye kuufungua mlango.

Na ni polisi hao hao wa Japani wenye desturi ambayo askari wa kwetu angeitambua mara moja. Katika mitaa yao mna vibanda vidogo vya polisi, na askari wa kibanda hupita nyumba kwa nyumba, huuliza hali, na huandika nani anakaa humo na nani aitwe likitokea jambo. Takwimu zilizotajwa zaonyesha kwamba desturi hiyo haikutosha kuwafikia wote katika miji mikubwa. Lakini jina la ndugu wa kuitwa likiwa limekwisha kuandikwa kabla ya tukio, kazi ya usiku huwa nusu.

Hapo hapana budi kurejea Kenya. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu huko watu wapatao milioni 2.7 waliofikisha miaka 60. Kifungu cha 57 cha Katiba yao ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Mwaka 2018 serikali ilianza kuwalipa wazee waliofikisha miaka 70 shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Fedha hizo ni msaada wa unga na mafuta ya taa. Hazikusudiwi kununua kengele na kuilipia ada. Kwa hiyo kitufe cha ukutani kitabaki kwa muda mrefu kuwa kitu cha vitongoji vichache, na kwa wengi kengele itakuwa ni ile ya tangu zamani, yaani sauti ya mtu na sikio la jirani.

Kenya ilipouchukua utaratibu wa Nyumba Kumi kutoka Tanzania mwaka 2013, mwaka wa shambulio la Westgate, shabaha ilikuwa ni magaidi na wahalifu: watu wa mtaa wajuane, na mgeni aliyehamia ajulikane. Huko ulikozaliwa, katika mashina ya TANU ya miaka ya 1960, balozi wa nyumba kumi alimjua mgeni, lakini alijua pia nani anaumwa, nani amefiwa, na bibi gani hana wa kumchotea maji. Sehemu hiyo ya pili haikusisitizwa ulipovuka mpaka. Na, kusema kweli, hata Dar es Salaam kwenyewe imelegea, hasa katika majumba ya ghorofa ambamo watu hukutana kwenye ngazi tu. Ni hasara kubwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kituo kikuu chenye mitambo mizuri kilicho maili hamsini hakimwinui mzee aliye chini kama hakuna mtu wa nyumba ya pili mwenye ufunguo na mikono.

Hata hivyo jirani naye asisifiwe kupita kiasi. Katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa mwaka hadi mwaka kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya maneno ya uchawi pamekuwapo ugomvi wa ardhi. Huko Kaya Godoma palifanywa kimbilio la wazee walionusurika, watu waliolima mashamba yao maisha yote na kisha wakalala ugenini kwa kuwaogopa wana wao. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa ya Tanzania vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko lililowalisha wana na wajukuu. Kwa mtu kama huyo kumwita jirani ni kumwita muuaji, au amjuaye muuaji na kunyamaza. Hata mwano, ule mlio wa Usukumani uwatoao watu wote nje na silaha zao, yeye hana hakika kama utapigwa kwa ajili yake au dhidi yake.

Basi kwa mzee huyu kitufe si anasa ya nchi tajiri. Anahitaji kuliko mwingine yeyote njia ya kuita ambayo itampita jirani na kufika kwa mtu asiye na shamba la kugombea. Mtu huyo ni askari. Na kijana wa Kilifi au wa Shinyanga aliyemo jeshini, mwenye mama aliyefiwa na anayeishi peke yake karibu na ndugu wanaolimezea mate shamba, hana haja ya kuhubiriwa habari hii.

Namba 112 ya kupigia polisi kwa hatari ipo Kenya, nayo ipo Tanzania, na simu za mkononi zimefika vijijini. Kwamba mlio huweza kuunganishwa na mwitikio bila mitambo ya gharama, Tanzania imekwisha kuonyesha kwa mpango wa m-mama kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga. Simu hupigwa bila malipo kwa namba 115. Mpokeaji huuliza maswali aliyopangiwa, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa hapo hapo kijijini aliyekwisha kuandikishwa, ambaye hulipwa kwa njia ya simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Hapana kilichobuniwa hapo isipokuwa orodha. Dereva alikuwapo, na gari lake lilikuwapo. Hakukuwa na mtu mwenye jina lake mkononi usiku ule.

Lililobaki ni mtu wa kuipokea simu, na hapo pana jambo ambalo vitabu vya mafunzo havilisemi. Mzee hatoi ripoti kwa mpango wa ripoti. Huanza na salamu. Huuliza hali ya watoto wa huyo aliyepokea, ambaye hamjui. Kisha hutaja ng'ombe, na jua lilivyokuwa kali, na habari ya watu waliosimama nyuma ya nyumba yake usiku uliopita huja mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, kana kwamba si neno. Koplo mwenye haraka atakuwa amekata simu kwenye ng'ombe. Na mzee aliyekatiwa simu mara moja hapigi tena; yeye ni wa ukoo mmoja na wale wa Cambridge waliolala sakafuni na kitufe shingoni, wasitake kumsumbua mtu.

Vivyo hivyo kwa anayepiga na ikaonekana hapakuwa na kitu. Katika kengele za wezi, mlio wa bure huwachosha polisi wa nchi zote, na ni haki mwenye nyumba aonywe. Kwa mzee ni kinyume. Mlio wake wa bure ni dalili kwamba anajua njia ya kuita na haoni haya kuitumia, nalo ni jambo zuri kujulikana kituoni kabla ya siku ya mlio wa kweli. Vituo vikuu vya Uingereza huwaomba watumiaji wao wabonyeze kitufe mara moja kwa mwezi bila shida yoyote, ili ithibitike kwamba chombo ni kizima. Mwenye zamu hujibu, humtaja mzee kwa jina, humwuliza hali. Wapo wanaobonyeza zaidi ya mara moja na kusema samahani, nimekosea, na mwenye zamu mzoefu hana haraka ya kukata.

Kituo cha polisi cha wilaya, au kikosi kilicho karibu na kijiji, hakihitaji mtambo kwa jaribio kama hilo. Chahitaji daftari lenye majina ya wazee wanaoishi peke yao, namba zao, jina la mwenye ufunguo, na jina la mtu ambaye mzee mwenyewe amesema asiitwe. Jumamosi asubuhi konstebo wa kaunta huzipiga namba hizo moja moja, na huandika nani amejibu, nani hakujibu, ni askari gani aliyetumwa kwenda kuangalia, na saa aliyoondoka.